Mabloga, nani aliwaambia somo linapangwa kwa tarehe?

Wakuu salaam. Leo nimekuja na hasira, mwenye moyo mwepesi apite kimya kimya.

Nyie mnaoendesha blogu za masomo, zile za kufundisha watu kompyuta, kushona, kurekebisha vitu, lugha, chochote kile, hivi nani aliwadanganya kwamba maarifa yanapangwa kwa siku uliyojisikia kuandika? Maana mimi msomaji siku yako hainihusu hata kidogo, nina shida yangu nataka jibu lake, na jibu unalo, tena zuri tu, ila umelikalia, umelifukia chini ya matangazo na salamu za sikukuu, halafu juu kabisa umeweka kilichoandikwa juzi hata kama ni porojo tupu.

Ngoja nitoe mfano msije mkasema nalalamikia hewa. Blogu siitaji, mwenyewe akipita hapa atajijua. Nilikuwa natafuta namna ya kuoanisha orodha mbili kwenye Excel, jambo la kawaida kabisa, una majina huku na malipo kule unataka vikutane. Gugo ikanitupa kwenye "Sehemu ya 6" ya somo la sehemu tisa. Nafungua, sentensi ya kwanza kabisa inasema "kama tulivyoona jana, fomula yetu inahitaji marekebisho kidogo". Jana ipi ndugu yangu? Fomula ipi? Linki hamna. Nashuka mpaka chini nakuta kimshale cha posti iliyotangulia, nikasema afadhali, nabonyeza, natua kwenye heri ya mwaka mpya. Nabonyeza tena, tangazo kwamba blogu imebadilishwa muonekano. Tena, jamaa anaomba radhi kwa kupotea muda mrefu. Hiyo sehemu ya 5 iko huko nyuma ya yote hayo, na ukiitaka ya 1 jipange kweli kweli.

Kimshale chenyewe hakina kosa, kimetengenezwa kufuata kalenda na kalenda ndo kinachofuata. Mfumo hauna habari kabisa kwamba hizi posti tisa ni somo moja na ile ya katikati ni salamu tu. Anayejua ni mwandishi, na mwandishi hakuona haja ya kuandika popote.

Nikahamia kwenye lebo. Jamani. Kuna lebo ya "excel", kuna "masomo ya excel", kuna "eksel", na nyingine inaitwa "somo" basi, na zile sehemu zimetawanywa humo kutegemea jamaa aliamkaje siku hiyo, moja haina lebo kabisa imeangukia kwenye lile kapu la bila kategoria ambalo WordPress, programu ya kuendeshea blogu, inakuwekea yenyewe ukizembea kuchagua. Na hata lebo ingekuwa moja safi, ukiifungua unapata nini? Posti zilezile, mpya juu za zamani chini! Yaani somo linaanza na hitimisho, utangulizi ukautafute ukurasa wa mwisho kabisa.

Halafu hizo kurasa nazo hazitulii. Umechimba mpaka ukurasa wa 7 ukakuta unachotaka, ukamtumia mwenzako linki ya ukurasa huo. Kila posti mpya ikiingia juu inasukuma zote chini, blogu nyingi zinaonyesha posti 10 kwa ukurasa kwa hiyo zikiongezeka 10 tu kilichokuwa cha 7 kimehamia cha 8, mwenzako anafungua anakuta vitu vingine anakuona mzushi. Na ile orodha ya miezi ya pembeni, Machi (14), Aprili (9), Mei (2), inamsaidia nani hasa? Kwenye simu hata hiyo pembeni haipo, imetupwa chini huko baada ya komenti.

Lakini ya kutafuta ni cha mtoto, balaa lenyewe ni masomo kuchacha huku yamesimama wima kama ya leo.

Sehemu ya 2, ambayo niliipata hatimaye, inakwambia kwa kujiamini kwamba laha moja ya Excel mwisho wake ni mistari 65,536, data ikizidi hapo igawanye. Hiyo ilikuwa kweli mpaka Excel 2003. Kuanzia toleo la 2007 mistari ni 1,048,576. Sasa kwamba jamaa alikuwa anatumia la zamani wakati anaandika hiyo sio kesi, kila mtu anaandika kwa anachojua wakati huo. Kesi ni kwamba chini kwenye komenti kuna mtu ameshamwambia, kwa adabu kabisa, na bloga akamjibu "asante mkuu kwa kuniongezea maarifa" halafu posti akaiacha vilevile!! Neno halikubadilika. Kwa hiyo asiyeshuka kwenye komenti anaondoka na habari iliyokufa, anaenda kukatakata faili lake vipande bure.

Na ile ya 6 iliyonileta inafundisha kuandika VLOOKUP (fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha nyingine) mara mbili ndani ya IF na ISNA ili tu ile #N/A ya kitu kisichopatikana isionekane, wakati IFERROR ipo tangu hiyohiyo 2007 na inafanya kazi hiyo kwa mara moja, na XLOOKUP, mrithi wa VLOOKUP aliyetangazwa 2019, ina nafasi yake kabisa ya kuandika nini kitokee kitu kisipopatikana. Mtaniambia labda jamaa hajui. Anajua! Ana posti nyingine ya XLOOKUP, nzuri mno, maelezo yametulia, imekaa kivyake haijatajwa kwenye ile ya zamani hata kwa mstari mmoja. Na gugo inaendelea kuleta ya zamani kwa sababu hiyo ndo watu wameilinki miaka yote.

Hapa sasa ndo nawalaumu kidogo na kidogo nawaonea huruma, maana chombo chenyewe kinawafundisha tabia mbaya. Ukirudi kurekebisha posti ya zamani haipandi juu, waliojiandikisha hawapati taarifa, hakuna anayekuja kusema hongera, kazi yako imeenda bure machoni pa watu. Ukiandika posti mpya ya jambo lilelile unapata wasomaji siku hiyohiyo. Nani atasafisha sasa? Matokeo yake blogu inakuwa na posti nne za kitu kimoja zinazopingana, na anayetakiwa kuamua ipi ni ipi ni mimi niliyekuja kuuliza kwa sababu sijui.

Halafu kuna wale wajanja wenu. Wamegundua watu wakiona tarehe ya zamani wanafunga, wakaitatua vipi? Wakaifuta tarehe! Blogu nzima imepangwa kwa tarehe na tarehe yenyewe huioni, yaani pale pekee ambapo ingenifaa, nijue hiki kitu ni cha lini, ndo wameificha. Wengine wanaibadilisha tu isomeke "imeboreshwa juzi" na ndani hakijaguswa kitu, picha za skrini ni za Windows XP na komenti ya kwanza ni ya 2011. Unamdanganya nani?

Na msije na ile ya ndivyo mtandao ulivyo tangu zamani, sio kweli. Miaka ya 1990 mwenye tovuti yake aliandika HTML, lugha ya kutengenezea kurasa, kwa mkono, ukurasa wa mbele ukawa orodha ya vitu vyake kwa mada, hiki hapa hiki pale hiki bado nakijenga. GeoCities ya 1994, iliyokuwa inawapa watu nafasi ya kuweka tovuti zao, iliwagawa hata watu wenyewe kwa mitaa kulingana na wanachokipenda. Waliokuwa wanaweka mpya juu ni wachache, waandishi wa shajara na wale waliokuwa wanakusanya linki za kila siku, na kwao ilikuwa sawa kabisa maana wasomaji wao walikuwa wanarudi kila siku kuangalia leo kuna nini. Kisha zikaja programu, Blogger 1999, Movable Type 2001, WordPress 2003, kuandika mtandaoni kukawa rahisi na kila mtu akaingia, jambo zuri sana silipingi, ila mpangilio uliokuja umefungwa humo humo ulikuwa ule wa shajara. Mwenye mapishi akamwaga humo. Mwenye masomo ya hesabu humo. Mwenye ushauri wa sheria humo humo. Ndo tukafika hapa, fundi amepanga spana zake kwa siku alizozinunua, unamuomba namba 13 anakuuliza unakumbuka niliinunua lini.

Enzi za RSS, ile ya kuletewa posti mpya za blogu unazozifuatilia, kidogo ilikuwa na maana, watu walikuwa wanafuatilia blogu wanataka kipya tu. Google Reader yenyewe, waliyokuwa wanazisomea humo, ilifungwa Julai 2013. Na hata enzi hizo mtu wa kuoanisha orodha mbili hakuwa mfuatiliaji wa mtu, alikuja na shida yake, akipata anaondoka zake.

Dawa nayo haikukosekana. Mtengeneza programu Ward Cunningham alifungua 1995 tovuti ya kwanza ya aina ya wiki, zile ambazo wasomaji wenyewe wanazihariri, kabla ya hizo blogu zenu zote, na Wikipedia ikaanza 2001. Kule jambo moja lina ukurasa mmoja, ukijua zaidi unarudi palepale unaandika. Tarehe hazijatupwa, zimewekwa kwenye historia ya ukurasa, anayetaka kujua nani alibadilisha nini na lini anaenda huko, sisi wengine tunasoma kilichopo. Sisemi muwe wiki, nazo zina uchizi wake, watu wanagombana juu ya koma mpaka mtu anafungiwa akaunti. Nasema tu kwamba hilo wazo lipo, mngeweza hata kuliiba.

Najua kuna msomi hapa atamleta Tim Berners-Lee, yule aliyebuni Web yenyewe. Ni kweli, 1998 aliandika kwamba tarehe ya kuandikwa ni kitu kizuri kuweka kwenye anwani ya ukurasa kwa kuwa haibadiliki, akatahadharisha kuhusu kuweka mada kwenye anwani maana mada zinahama. Nakubaliana naye kabisa. Ila alikuwa anaongelea anwani mkuu. Weka /2012/05/ kwenye linki yako mpaka uchoke, mimi naongelea nikishafungua nikute nini na nielekezwe wapi. Isitoshe shauri lenyewe la msingi alilotoa pale, kwamba anwani isibadilike, ndo hamlifuati, mtu anabadilisha templeti na mpangilio wa linki kwa wakati mmoja, nusu ya blogu inafunguka 404, yaani ukurasa haupo, na yeye anatangaza kwamba sasa blogu inapendeza.

Mwingine atasema tumia kile kisanduku cha kutafuta. Kisanduku gani? WordPress mpaka toleo la 3.7 la mwaka 2013 matokeo ya utafutaji yalikuwa yanapangwa kwa, haya otea, kwa tarehe. Sasa hivi ni afadhali. Lakini kisanduku kinataka niwe najua neno alilotumia mwandishi, mimi naandika "kuoanisha orodha" yeye aliandika "kuvuta data", tumepishana hapohapo.

Habari, matokeo ya mechi, safari, mambo yako binafsi, hayo endeleeni kuyapanga kwa tarehe hamna ubaya, ni ya siku yake. Mimi ugomvi wangu ni na vitu ambavyo havina siku.

Na kinachonipandisha presha kuliko vyote ni kwamba uwezo mnao humo humo. WordPress ina kurasa, zile ambazo sio posti, tangu toleo la 1.5 la 2005, hazifuati tarehe, unaweza kuweka moja chini ya nyingine ukajenga kitu kikaeleweka kuanzia mlangoni mpaka uani. Miaka yote hiyo mmezitumia kuandika nini? "Kuhusu mimi" na "Wasiliana nami". Basi! Ukurasa mmoja tu wa yaliyomo, sehemu ya 1 mpaka ya 9 kwa mpangilio na linki zake, ungekuchukua muda mfupi kuliko ile posti ya kuomba radhi kwa kupotea. Na juu ya posti ya zamani mstari mmoja, "hii ni ya toleo la 2003, mpya iko hapa". Mstari mmoja jamani, hata usipofuta chochote.

Mwenye kujua blogu yoyote ya masomo, lugha yoyote, yenye ukurasa wa yaliyomo unaoeleweka aweke linki hapa chini, nitakuwa nazikusanya kwenye posti hii hii ya kwanza, nitaiedit kila ikija mpya msihangaike kusoma uzi mzima. Wale wa "karibu pia kwenye blogu yangu" fungueni kwanza wenyewe mkaitafute sehemu yenu ya 1, mkiipata ndo mje.