Binti yangu wa miaka 16 anavuta sigara, naombeni ushauri

Baba Nei wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, matusi hapana. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Jumapili dada wa kazi anafua, kwenye mfuko wa sketi ya shule akakuta sigara mbili zimeviringishwa kwa karatasi ya daftari, na pipi kifua. Mama yake tuliachana zamani, naishi naye mimi. Ni mtoto mpole, salamu zake mtaa mzima wanazisifia. Mtoto wa kike anaanzaje mambo haya?

Mkongojo
Kamata simu. Tangu shisha ipigwe marufuku hapa Dar 2016 nilidhani tumepona, kumbe sasa ni vepu.

Mama Ubani
Mtoto wa kike halelewi na baba peke yake. Nimemaliza.

Chenga za Mchele
Mimi ni mwanamke na nilivuta miaka sita. Nilihamia shule ya bweni kidato cha tano, nikakaa wiki mbili hakuna anayenisemesha. Waliokuja kunisalimia ni wasichana watatu wa nyuma ya choo. Hawakunilazimisha, walinisogezea tu nafasi. Ilikuwa ya mentholi, inapoza koo, hata sikukohoa. Baadaye nikagundua inakata njaa, nami nilikuwa nautaka ukimodo. Kufika likizo, bila sigara nagombana hata na paka. Hapo ndipo nilipojua nimenasa.

Fundi Pasi
Paka alikukosea nini 😂

Dokta wa Buza
Mtoa mada, nyumbani nani anavuta?

Baba Nei wa Tabata
Hilo halihusiani. Nimeuliza kuhusu mtoto.

Dokta wa Buza
Linahusiana sana. Nani anavuta?

Baba Nei wa Tabata
Sawa. Navuta mimi, lakini uwani, sebuleni sijawahi. Alipokuwa darasa la tatu nilikuwa namtuma kwa Mangi, anachukua moja, anapitia jikoni kuniwashia kwenye mkaa. Sigara haishiki moto usipoivuta kidogo, mnajua. Sisi wote tulitumwa hivyo, mbona dada zetu hawakuvuta? Halafu mjadala umefungwa, nimeshamkatia tiketi, Ijumaa anaenda kwa bibi yake Urambo.

Dokta wa Buza
Darasa la tatu! Mkuu, moshi ukiingia, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde kama 10. Na huyo Mangi, sheria ya mwaka 2003 inamkataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Fundi Pasi
Urambo?? Yaani unamtoa kwenye sigara ya rejareja unampeleka kwenye mabani yanakokaushiwa tumbaku? Si bora ungemnunulia pakiti.

Baba Nei wa Tabata
Bibi yake halimi tumbaku, analima mahindi na karanga. Na shule zipo.

Chenga za Mchele
Umeshamuuliza mwenyewe kwa nini anavuta?

Nyundo Butu
Msipoteze bando, hii chai. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa pili alikuwa anatafuta mchumba, kaandika "sina mtoto, sinywi, sivuti". Leo ana binti wa miaka 16.

Fundi Pasi
Chai ya maziwa, tena ina tangawizi. Lete vitafunwa.

Mama Ubani
Nilijua tu. Baba gani anajua kilichomo kwenye mfuko wa sketi.

Baba Nei wa Tabata
Nyundo, wewe ukitafuta mchumba unaanza na madeni? Ule uzi nilidanganya, huu sidanganyi.

Chenga za Mchele
Na Nei ule uzi aliusoma?

Nyundo Butu
Kimya. Kaenda kuchemsha nyingine.

Baba Nei wa Tabata
Umeme ulikatika. Nimepapasa nyumba nzima kutafuta kiberiti, nikamwita Nei. Kakitoa chini ya mto wake, kawasha mshumaa, kaniuliza kama niko uwani aje tuongee. Mnaojua, tiketi ya basi ikirudishwa siku mbili kabla wanakata kiasi gani?