Naomba ushauri: nianzie wapi kuwafundisha vijana kuhusu John Bunyan?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni msaada wenu.

Nimepewa jukumu la kuwafundisha vijana wa kanisani kwetu maisha na maandishi ya John Bunyan, yule mhubiri wa Uingereza aliyeandika Safari ya Msafiri. Muda ni mfupi, saa moja tu, na mambo ni mengi.

Nimejaribu kuwasomea sehemu ya kwanza ya kitabu, ile ya 1678. Mzigo mgongoni mwa Mkristo, mhusika mkuu wa kitabu, waliuelewa haraka, lakini majina mengi ya mafumbo yaliwachosha. Nilipowasimulia gereza la Bedford, wote walitulia. Bunyan, fundi wa kuziba masufuria, alifungwa mwaka 1660 kwa kuhubiri bila kibali, akakaa humo karibu miaka 12. Angeahidi kuacha kuhubiri angeachiwa, akakataa. Humo ndani alitengeneza kamba za viatu ziuzwe, familia ipate kula, na binti yake Mary alikuwa kipofu. Mkewe Elizabeth alikwenda kumtetea mbele ya majaji. Kwangu mimi, ujasiri wa huyu mama haupewi uzito unaostahili.

Sasa wapendwa, nianze na maisha yake gerezani ndipo niingie kwenye kitabu, au kitabu kitangulie? Na sehemu ya pili ya 1684, safari ya mke wa Mkristo na watoto wao, niiguse au niiache kwa siku nyingine?

Waliowahi kufundisha vijana kitabu hiki, naombeni uzoefu wenu. Mbarikiwe.