Simu ya chanzo huria kwa kikundi: PinePhone, Librem 5 au simu ya mtumba yenye postmarketOS?

Chuga_Linux (Arusha)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Tuko saba, tunakutana kila Jumamosi chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule. Linux ya kompyuta tumeizoea. Mmoja wetu anaandika C vizuri, na wawili ni mafundi simu wa kweli, wa darubini na hewa ya moto, siyo wa kubadili vioo tu. Tumechanga, imefika laki tisa.

Hatutafuti simu ya kutambia. Tunataka kuingia kwenye ujenzi wenyewe: kuandika viraka (marekebisho ya msimbo), kujaribu mambo kwenye mitandao ya hapa nyumbani, kuripoti kasoro kwa lugha inayoeleweka. Mezani kuna PinePhone na Librem 5, simu zilizoundwa kwa ajili ya Linux, na kuna wazo la kununua simu ya mtumba tuiwekee postmarketOS, mfumo wa Linux wa simu. Mwenzetu mmoja anang'ang'ania Fairphone, tumemwambia aje ajitetee mwenyewe humu.

Aliyewahi kuzishika atuambie ukweli, hata kama ni mchungu.

mzee_wa_neo (Hamburg)

Marahaba, Chuga. Kabla hamjahesabu hela, nikupeni habari za marehemu.

Mwaka 2007 kampuni ya Taiwan, FIC, ilitoa simu iliyoitwa Neo 1973 chini ya mradi wa Openmoko. Jina lilitokana na mwaka ambao simu ya kwanza ya mkononi ilipigwa. Mwaka uliofuata ikaja Neo FreeRunner, dola 399. Prosesa ya megahezi 400, RAM ya megabaiti 128, mtandao ni 2G tu. iPhone ilikuwa tayari sokoni, lakini sisi tulikuwa tunashangilia michoro ya bodi! Walitoa michoro ya saketi, wakatoa hata faili za umbo la kasha. Mtu angeweza kujichongea la kwake.

Sasa mchungu wenyewe. Ukipiga simu, mtu wa upande wa pili alisikia mvumo wa GSM kama nyuki ndani ya debe. Hakuna programu iliyoweza kuuponya, ilibidi bodi iguswe kwa risasi ya kulehemu. Basi watu wa jumuiya walikutana mijini, mwenye mkono mtulivu akawachomea wenzake kapasita mmoja baada ya mwingine. Mpaka leo nikinusa risasi inayoungua nakumbuka foleni ya namna hiyo.

Na upande wa programu kila mtu alikuwa na mfumo wake. Wa kampuni, wa SHR, wa Debian, wa QtMoko. Kampuni yenyewe ilibadili mwelekeo wa programu zaidi ya mara moja, kila mara kazi ya watu ikabaki nyuma. Mwaka 2009 wakapunguza wafanyakazi na kuisimamisha simu iliyokuwa inafuata. Wajerumani wa Golden Delicious wakaokoa kasha: walitengeneza bodi mpya, GTA04, inayoingia ndani ya kasha lile lile la zamani.

Kilichosalia hai kuliko vyote ni kitu ambacho hakuna aliyekipigia picha. Openmoko walikuwa na namba yao ya utambulisho wa USB, 1d50, wakaigawa bure kwa miradi huria. Vifaa vidogo vidogo chungu nzima vinaitumia mpaka sasa.

Kwa hiyo swali langu kwenu siyo simu gani nzuri. Nauliza, kiraka chenu mtakipeleka wapi? Kikienda kwenye kerneli kuu ya Linux, kiini cha mfumo, au kwenye programu inayotumiwa na mifumo mitano, simu ikifa kiraka kinabaki. Kikiishia kwenye mfumo wa simu moja, mnazikwa nao.

BintiKerneli (Dar)

Shikamoo mzee. Hapo umegonga.

Mimi ninayo PinePhone, toleo la RAM gigabaiti 3. Chuga, nikusomee wasifu wake bila mapambo. Chip yake ni Allwinner A64, ya mwaka 2015. Ilikuwa ya bei rahisi siku inazaliwa, fikiria leo. Ukifungua kivinjari unaweza kwenda kununua vocha ukarudi. Toleo la kwanza, Braveheart, lilianza kusafirishwa Januari 2020 kwa dola 150 hivi, na hela hiyo ni ya vifaa tu. Pine64 wanauza bodi, programu ni kazi ya jumuiya. Matoleo ya jumuiya yaliyofuata, UBports, postmarketOS, Manjaro, KDE, Mobian, kila simu iliyouzwa ilipeleka dola 10 kwa mradi husika. Mtu aseme hela ndogo, sawa, lakini ilifika.

Ninachoipendea: mfuniko unafunguka kwa ukucha. Betri ni umbo la Galaxy J7, kwa hiyo Kariakoo inapatikana. Ndani kuna swichi sita ndogo unazisukuma kwa ncha ya kiberiti, za modemu, WiFi, maikrofoni, kamera ya nyuma, ya mbele na tundu la earphone. Na inawaka kwanza kutoka kwenye memori kadi. Ukiharibu mfumo, chomoa kadi, andika upya, rudisha. Kwa wanaojifunza hiyo ni baraka, mimi nimeshaua mfumo mara ambazo sitaji hadharani.

Sasa kazi yenyewe. Nchi hii simu isiyofungua menyu ya *150*00# ni kioo cha kujitazamia. Siku ya kwanza nilifungua dirisha la amri nikaandika:

mmcli -m any --3gpp-ussd-initiate='*150*00#'

Sekunde chache, menyu ya M-Pesa ikashuka kama maandishi meupe kwenye weusi: Tuma Pesa, Toa Pesa na nyinginezo. Nilipiga kelele dukani kwa mjomba. Nikajibu kwa --3gpp-ussd-respond='1', nikaandika namba ya mama, nikaandika kiasi, na kwa kibodi ile ya kugusa, kufika kwenye namba ya siri muda ukawa umekwisha, menyu imefungwa. Nikarudia nikiwa nimeunganisha kibodi ya kompyuta, ikaenda.

Halafu jioni nabonyeza mshale wa juu kutafuta amri nyingine, naiona namba yangu ya siri imekaa kwenye historia ya amri, wazi, kama nguo kwenye kamba. Nilifuta na kwenda kuibadili. Tangu hapo natumia programu ya Calls, unapiga *150*00# kama kawaida na menyu inakuja kwenye kidirisha chake.

Otieno_wa_Bodi (Kisumu)

Binti, nyinyi mko na bahati, menyu yenu ni USSD, ile ya kupiga namba za nyota. Huku Kenya watu wengi wamezoea M-Pesa ile inakaa kwa laini yenyewe, ile menyu ya SIM toolkit. ModemManager, programu inaongea na modemu, ambayo Phosh (sura ya skrini ya simu za Linux) na wenzake wanaitegemea, haina hiyo kitu. oFono, mwenzake ambayo mfumo wa Ubuntu Touch inatumia, iko na mlango wake. Kwa sasa mtu anazunguka kwa *334# na maisha yanaendelea, lakini hapo ndipo kuna kazi ya maana! Msanidi wa Berlin hana sababu ya kuamka usiku akiwaza SIM toolkit. Sisi tuko nayo mfukoni.

Kuhusu programu za benki: Waydroid inaendesha Android ndani ya Linux, sawa, ila benki nyingi zikikosa cheti cha Google zinakataa kufunguka. Msiahidi mtu hapo.

fundi_makoroboi (Mbeya)

Ngoja niseme ya mtumba, maana naona watu wanaogopa.

Msichukue simu yoyote mnayoiona mtaani. Nyingi zilizojaa huku kwetu zina chip za MediaTek na Unisoc, na kwenye kerneli kuu safari ya hizo bado ni ndefu. Tafuteni yenye Snapdragon 845: OnePlus 6, au Poco F1. Hizo jumuiya imezitolea jasho. postmarketOS yenyewe ilianza 2017, msingi wake ni Linux ya Alpine, na nia yao waliitangaza tangu mwanzo: simu iishi miaka kumi.

Nilipata OnePlus 6 kwa laki mbili na nusu kwa mtu aliyekuwa anahama. RAM gigabaiti 6. Ukiweka Phosh juu yake baada ya kuzoea PinePhone unadhani umepanda basi la mwendokasi. Butiloda, programu inayowasha mfumo, inafunguka kwa amri ya fastboot oem unlock, huombi ruhusa kwa mtu. Kwa Poco F1 lazima ufungue akaunti ya Xiaomi na kusubiri. Na mkikutana na 6T ya T-Mobile ya Marekani, ulizeni mara mbili kabla ya kulipa, zile zinadai faili la ruhusa.

Ubaya: mgongo wa kioo, betri imegundishwa, kuifungua ni hewa ya moto na subira. Kamera ndiyo mtihani. Na muangalie kioo kabla ya kutoa hela, fungueni picha nyeupe tupu, kama kuna kivuli cha vitufe vya zamani basi imeungua.

Chuga_Linux

Fundi, vipi kuhusu michoro ya bodi? Mzee kasema Openmoko walitoa.

fundi_makoroboi

Ya OnePlus haitolewi kihalali, utaikuta kwa mafundi kwa njia unazozijua. Ya PinePhone iko wazi, PDF unapakua. Hapo PinePhone inashinda bila kupepesa. Kwa mafundi wenu wawili ile ndiyo shule.

mzee_wa_neo

Librem 5 naona mmeipita kimya kimya, na mna haki kwa laki tisa. Lakini iheshimuni. Purism walichangisha mwaka 2017, wakitafuta dola milioni moja na nusu, wakavuka milioni mbili. Simu ilikuwa dola 599 kwa waliochangia, baadaye ikapanda mbali. Ahadi ilikuwa Januari 2019. Zilizotangulia zikatoka Septemba mwaka huo, na toleo la wengi, Evergreen, Novemba 2020. Ni nene kama kitabu cha namba za simu, wanaozikumbuka watanielewa.

Ila tazameni hela ilikwenda wapi. Waliajiri watu wa kuandika programu. Phosh ilizaliwa hapo. Maktaba ya libhandy, inayofanya dirisha la kompyuta lijikunje liingie kwenye simu, ilizaliwa hapo, na mrithi wake libadwaita ndiyo GNOME nzima inaivaa leo. Calls anayoisifu Binti, hapo hapo. Kwa hiyo Binti anatuma hela kwa mama yake kwa jasho la simu ambayo hakuinunua.

BintiKerneli

Mzee umeniweza 😂

Lwanda_Kivu (Bukavu)

Salamu toka Bukavu, wandugu. Huyo mwenzenu wa Fairphone asichekwe.

Kampuni ile ya Amsterdam haikuanza na simu, ilianza kama kampeni juu ya madini ya huku kwetu, wakati dunia ilikuwa inasema dawa ni kuacha kununua chochote cha Kongo. Wachimbaji wa mikono walibaki bila soko. Wao walisema hapana, tununue hapo hapo ila tufuate njia ya gunia la madini. Simu yao ya 2013 ilitumia bati la Kivu Kusini. Mie nimekulia karibu na watu wanaoishi kwa sururu, hiyo tofauti naijua.

Kwa ujenzi: Fairphone 5 ya 2023 ina chip ya Qualcomm ya viwandani, QCM6490, iliyochaguliwa sababu itahudumiwa muda mrefu. Waliahidi miaka 8 ya programu. Butiloda inafunguka, na kazi ya kerneli kuu inaendelea. Lakini ilitoka kwa euro 699. Kwa kikundi cha vijana saba ni mlima.

Hata hivyo mukiandika "chanzo huria", mukumbuke chanzo kingine kiko chini ya ardhi, na hicho hakina leseni.

Otieno_wa_Bodi

Lwanda, hiyo ya mwisho nimeinyamazia.

Chuga_Linux

Asanteni sana. Tumekaa leo, tumebishana mpaka mwenye duka akazima taa.

Tumeamua PinePhone moja kwa ajili ya mafundi na michoro, na OnePlus 6 moja kwa wanaoandika msimbo, zote mbili Phosh juu ya postmarketOS ili kiraka kimoja kijaribiwe mahali pawili. Kinachobaki ni cha nauli na ushuru. Wa Fairphone amekubali kwa sharti kwamba jina la kikundi alichague yeye, Mungu atusaidie.

Kazi ya kwanza tumeigawa. Wasiojua C wanaanza na tafsiri ya Calls kwa Kiswahili. Wa C anakaa na Otieno kwenye SIM toolkit. Mimi ninapima USSD kwenye laini nne tofauti na kuandika muda ambao kila menyu inakaa wazi kabla ya kufungwa.

BintiKerneli

Vizuri. Mambo mawili kabla hamjafungua boksi.

Swichi ya sita ukiizima, tundu la earphone linageuka mlango wa serial, wa kuongea na simu kwa waya toka kompyuta. Mafundi wataipenda, wengine watadhani spika za masikio zimekufa.

La pili ni nafasi ya laini: inapokea micro, na laini zenu nyingi ni nano, mtatumia adapta. Adapta tupu isiingie humo hata kwa utani. Ukiivuta kutoka inakamata pini za ndani na kuzing'oa. Iingie na laini ndani yake, itoke na laini ndani yake.

fundi_makoroboi

Na wakizing'oa walete Mbeya, nina pini.