Fundi kapiga msasa Martin ya 1956 na kuipulizia klia, vanishi angavu ya magari! Wenye gitaa za zamani Nairobi, someni kabla hamjalia

Wadau, leo sina heshima ya kugawa. Nilipeleka gitaa ikiwa mgonjwa, nikarudishiwa maiti iliyopakwa poda.

Ni Martin 00-18, gitaa ya kampuni ya Martin ya Marekani. Nambari iliyogongwa ndani, kwenye kigogo kinachoshika shingo, ni ya 1956. Marehemu mjomba aliachiwa na mwalimu mmisionari aliyekuwa anarudi kwao Marekani, akaipigia omutibo, ule mtindo wa gitaa wa Waluhya, kwenye harusi za Kisa huko magharibi mwa Kenya, mpaka vidole vikamkatalia. Mbao ya mbele ilikuwa imeiva rangi, na pale mkono wake ulipokuwa unaegemea vanishi ilikuwa imelika ikafika kwenye mbao yenyewe. Nilimwambia huyo fundi kwa mdomo, halafu nikamwandikia WhatsApp: hapo usiguse. Akajibu "sawa mkubwa" na kidole gumba.

Kazi niliyompa haikuwa ya kupendezesha. Nyuzi zilikuwa zimepaa, kuzibana kule juu ni adhabu. Daraja, kile kibao cha mbele kinachoshika nyuzi, lilikuwa limeanza kuachia upande wa nyuma. Na kulikuwa na ufa kando ya kile kibao cheusi cha kukinga kucha, ugonjwa wa kawaida wa Martin za enzi hizo, kwa sababu kibao kiligundishwa moja kwa moja kwenye mbao tupu, na miaka ikienda kinasinyaa na kuivuta mbao mpaka inapasuka.

Sasa sikieni alichofanya.

Kwanza alitafuta skrubu ya kunyoosha shingo. Hakuna! Martin hawakuweka chuma cha kurekebishwa kwenye shingo mpaka 1985. Hii ina chuma kilichozikwa humo, hakizungushwi. Mtu anayejiita fundi wa gitaa alipaswa kujua hilo kabla hajashika bisibisi. Yeye alipokosa skrubu akatoboa kichwa cha gitaa kuitafuta. Akatoboa, jamani. Kwa drili.

Alipokosa, akachukua randa akapunguza daraja ili nyuzi zishuke. Ukilipunguza daraja, nyuzi zinapita chini zaidi na mbao ya mbele haisukumwi tena inavyotakiwa, sauti inakufa. Dawa ya nyuzi zilizopaa kwenye gitaa kama hii inajulikana duniani kote: unang'oa freti ya 15 (vile vichuma vinavyokatiza shingo), unatoboa kitundu kidogo chini yake, unapitisha mvuke, gundi ya ngozi za wanyama iliyoishika shingo inalainika na shingo inachomoka bila ugomvi. Unachonga kisigino chake kidogo sana, unairudisha kwa pembe sahihi. Ile gundi ya zamani waliitumia wakijua siku moja mtu ataifungua. Huyu wetu amelishika daraja kwa epoksi na boliti mbili. Atakayetaka kulitoa atatoka nalo pamoja na vipande vya mbao ya mbele.

Halafu msasa. Hapo ndipo nilipokaa chini. Ameondoa vanishi yote, pamoja na ile alama ya mkono wa mjomba, akafukia ufa kwa fila, akapuliza klia ya magari kwa kompresa. Mbao ya mbele ya gitaa ina unene wa kama milimita 3 tu, na seti ya kawaida ya nyuzi nyepesi za chuma inavuta karibu kilo 70. Umeila mbao kwa msasa, kisha ukaibandika ngozi ngumu ya plastiki juu, unategemea itetemeke na nini? Ile vanishi ya kiwandani ni ya nitro (nitroselulosi). Ukipaka tone jipya linayeyuka na kushikana na la zamani, kwa hiyo penye jeraha unatibu hapo hapo. Ya magari haifanyi hivyo, na ukitaka kuitoa ni msasa tena.

Nilipolalamika akaniambia, "Lakini si inang'aa?" Na kuna mmoja humu keshaniandikia inbox kwamba nishukuru imerudi mpya. Ndugu, nilikuwa nataka mpya? Ningeenda dukani.

Pesa hajarudisha. Anasema kazi imefanyika.

Ufa ungezibwa vizuri kabisa bila fila. Januari na Februari hewa yetu inakauka, mbao inasinyaa, ufa unafunguka. Unaiweka gitaa kwenye kasha lake na sponji yenye maji ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, unangoja unyevu ufike asilimia 45 hadi 55, ufa unajifunga wenyewe. Ndipo unatia gundi na kubandika vijibao vidogo kwa ndani. Gharama yake ni subira, na hiyo ndiyo hawa watu hawana.

Ninachotaka: kama kuna mtu Nairobi au hata Mombasa anayefanya kazi kwa gundi ya ngozi, na ameshawahi kutoa shingo kwa mvuke, anitumie picha za kazi yake. Picha za ndani ya gitaa, si za nje. Wa kupuliza rangi msijisumbue.