Tupeane uzoefu: kipimo gani kilikupa jibu la kweli la tumbo lako?

Mama Tabata: Wakuu ndo natoka hospitali, tumbo linajaa gesi na kunguruma, naulizwa nataka altrasaundi au kamera utafikiri nachagua soda. Mliopitia semeni.

Fundi_Saa: Altrasaundi iache kwa ini, nyongo na figo. Kwenye utumbo gesi inaziba.

Mkerewe halisi: Umenikumbusha mbali. Mimi nimekulia Ukerewe, ziwa ndo bafu letu. Nimehamia Dar damu ikaanza kuonekana chooni, kila kituo natobolewa kidole, kipimo cha Widal, "una taifodi", sindano, nenda. Flagyl nimemeza mpaka mate yana ladha ya chuma. Siku moja tumbo limenikata ndani ya daladala pale Ubungo, nimeshuka kituo si changu, choo cha kulipia jamaa anadai mia mbili yake kwanza na mimi jasho linatiririka hata pochi siioni, kuchungulia chini ni damu na makamasi matupu. Daktari wa zamu akauliza umekulia wapi. Basi. Akaagiza choo cha siku tofauti tofauti maana mayai ya minyoo hayaonekani kila siku, majibu KICHOCHO.

Dada_K: Mia mbili jamani 😂😂

Bonge la Mtu: Msiitukane Widal, mimi ilinigundua na nikapona.

Fundi_Saa: Inasoma kinga mkuu, uliugua zamani bado itasema unayo. Taifodi ni kuotesha damu, maabara waone kama bakteria wanaota.

Bonge la Mtu: Kuotesha majibu siku kadhaa, mgonjwa ashazikwa. Hongera daktari wa gugo.

Nesi mstaafu: Acheni ugomvi. H. pylori, wale bakteria wa vidonda vya tumbo, baada ya dozi usipime damu, inabaki pozitivu muda mrefu, omba cha choo na omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi, uache wiki 2 kabla. Na wanangu, damu chooni kwa mtu mzima msiiite bawasiri kabla hajaingizwa kamera ya nyuma, hasa kama kwenu kuna saratani ya utumbo.

Dada_K: Wiki 2 bila omeprazole si utanizika mama?

Juma Kiu: Hiyo kamera haiumi, shughuli ni dawa ya kusafisha tumbo. Hamia chooni na chaja.

Babu Mlonge: Mbegu za papai, hela ya kamera nunua kuku.

Mkerewe halisi: Mama Tabata umekulia wapi?

Mama Tabata: Singida, hatuna ziwa.

Fundi_Saa: Na Singidani na Kindai ni nini?

Mama Tabata: Maji ya chumvi yale, nani anaoga