Fundi wa chini ya mwembe kaloweka mkoba wa ngozi kwenye sabuni ya unga!!!

Wakuu, nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Watu wa Tabora mjini mnamjua, sina haja ya kumtaja. Mkoba wa ngozi halisi kapewa ashone mshikio, mshikio tu! Naukuta kwenye kamba, juani, unachuruzika povu. Beseni, maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ya kusugulia mazulia. Namuuliza kulikoni, ananitazama usoni: "Dada, ng'ombe alinyeshewa maisha yake yote, kwani alipasuka?"

Ng'ombe alinyeshewa! Jua la mwezi wa kumi, saa saba mchana, lile linalokaanga yai juu ya bati, yeye ananiletea habari za ng'ombe!

Ng'ombe akiwa hai, mwili unaipa ngozi mafuta kila siku. Ndani ya mkoba hamna ng'ombe. Mafuta uliyo nayo ni yale ya kiwandani tu, na sabuni ya unga inayakomba yote. Ngozi iliyotengenezwa inapenda asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) 4 hadi 5. Sabuni ile inafika 10. Halafu unaianika juani: maji yanatoka mbio, nyuzi za ngozi zinashikana. Sasa mkoba mgumu kama ubao wa dawati, pembe zimejikunja kama dagaa wa juzi. Kwani alipasuka! Mbele ya wateja wengine!

Mti Mkavu: Mkoba wa ngozi unampelekea fundi kandambili, ulitegemea nini? Pole lakini umeyataka.

Bibi Nta: Achana na huyo. Utoe juani SASA. Futa kwa kitambaa cha maji safi kilichokamuliwa, mara tatu nne, mpaka povu liishe. Jaza karatasi nyeupe ndani (gazeti hapana, wino unahamia kwenye bitana), zibadilishe zikilowa, ukae kivulini siku mbili. Ukibaki na unyevu kwa mbali, paka mafuta: nta ya nyuki sehemu 1, mafuta ya nyonyo sehemu 3. Yeyusha kwenye bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si motoni moja kwa moja. Yakipoa, chota kiasi cha punje ya harage kwa kila upande, sugua kwa mviringo, acha usiku kucha, asubuhi futa kwa kitambaa kikavu. Anza kujaribu chini ya kitako, maana rangi itakolea. Palipopasuka hapatarudi, nisikudanganye.

Mwana Ujiji: Nyonyo ya nini? Huku Kigoma mawese yapo, paka mawese ing'ae.

Bibi Nta: Mawese!! Yana rangi, yanaganda kukiwa na baridi, yanachacha. Wiki mbili mkoba unanuka sufuria la jana na gauni jeupe lina alama ubavuni. Mawese ni ya mboga.

Kijana wa Ipuli: Mimi sijaamini kama ni ngozi. Dondosha tone la maji. Likizama na kuacha doa jeusi, ngozi iko wazi, inakunywa mafuta. Likikaa juu kama shanga, imepakwa rangi ya juu au ni ya bandia, na hiyo nta itateleza tu. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi ina nyuzinyuzi, ya bandia ina kitambaa chini ya plastiki.

Mleta uzi: Ni NGOZI! Tone linazama! Mnanihoji mimi badala ya yule aliyesema ng'ombe alinyeshewa!

Mti Mkavu: Piga kiwi nyeusi, maisha yaendelee.

Bibi Nta: Kiwi ni ya kiatu. Kiatu hakigusani na blauzi, mkoba unasugua kiunoni kutwa nzima, rangi yote inahamia kwenye nguo. Jamani!

Mama Ziwani: Afadhali nyie mna ukame. Huku ziwani masika yakianza, ukifunika mkoba kwa mfuko wa nailoni, mwezi mmoja una ndevu za ukungu. Foronya ya pamba ndiyo funiko. Ukungu ukiingia, ufutie nje ya nyumba, spiriti na maji nusu kwa nusu, kitambaa kiwe na unyevu tu, kisha upepo wa kivulini. Mwenye nyumba wangu anasema ukungu ni uvivu wa kufagia, paa linavuja toka mwaka jana!

Kijana wa Ipuli: Wenye nyumba na mafundi zipu ni ukoo mmoja. Zipu ikiachia, yeye anang'oa yote na kukutoza zipu mpya, wakati kilicholegea ni kichwa, kile unachovuta. Kibane kidogo kwa koleo, kulia na kushoto, taratibu, kisha pitisha mshumaa kwenye meno.

Mwana Ujiji: Nilibana, kikavunjika.

Kijana wa Ipuli: Ulibana katikati. Banwa ni ncha za nyuma, zile zinazofunga meno.

Mama Ziwani: Na meno yakiwa ya plastiki?

Kijana wa Ipuli: Vilevile, ila jino likishang'oka, hapo nunua zipu.

Mleta uzi: Mbona mmehamia kwenye zipu???

Mwana Ujiji: Bibi Nta, kilo ya nta Tabora sasa hivi inakwendaje?