Chambo cha chui upande wa Kizigo: tunaepukaje fisi, tumbusi na harufu?

Kijana wa Itigi

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Msimu huu nimepata kibarua katika kambi moja ya uwindaji wa kitalii upande wa Kizigo, wilayani Manyoni, nikapangiwa kikosi cha chambo. Sisi ndio tunaobeba paja la pundamilia au swala pala mzima, tunalipandisha mtini, kisha tunarudi kila asubuhi kuangalia kama chui amekula.

Kazi naipenda, lakini ina mitihani. Kuna chambo tulichokitundika kandokando ya korongo, na kabla ya adhuhuri tumbusi walikuwa wamebakiza mifupa. Kingine fisi walikivuta wakaondoka nacho pamoja na kamba mpya. Kilichosalia hakuna mnyama aliyekigusa, kinaoza tu, na harufu yake tunarudi nayo sisi tunaopanda kukikagua. Mpishi ametuhamisha: sahani zetu sasa zinawekwa ng'ambo ya kambi, upande ambao upepo unaelekea, na wenzetu wanacheka kila wanapotuona tumekaa chini ya mti wetu kama wakwe.

Mgeni mmoja kutoka Marekani alituambia kwamba kwao dubu hutegewa mikate na vitu vitamu ndani ya pipa. Naomba kujua kwa nini kwetu lazima iwe nyama, na wakongwe walikuwa wanafanyaje ili jasho letu lisiishie kwa fisi.

Mfuatanyayo Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Kabla hujafikiria nyama, fikiria mti. Chui anapenda kula mahali alipotulia, kwa hiyo tafuta mkuyu, mkwaju au mwegea ulioinamia korongo la mchanga, wenye tawi nene lililolala, na karibu yake pawe na kichaka kinachomwezesha kufika bila kuvuka uwazi. Wakati wa kiangazi mto ukiwa umekauka, mchanga wenyewe utakueleza kama anapita hapo: unyayo wa dume ni mpana na vidole vyake ni vinene, wa jike ni mwembamba zaidi. Pasipo na nyayo usitundike kitu, maana chambo chako kinachooza bila kuguswa huenda kiliwekwa mahali ambapo chui hana safari.

Kuhusu kimo, kama mtu mrefu akinyoosha mkono bado anaigusa nyama, basi hata fisi ataifikia. Ipandishe zaidi, lakini ibaki karibu na tawi ili chui akilala juu yake aweze kula bila taabu. Kamba ya kawaida haifai. Toboa kwa kisu kati ya mfupa na mshipa mnene wa kisigino, pitisha waya mzito au mnyororo, uzungushe kwenye tawi na uukaze mpaka nyama isicheze. Chui ana nguvu za kupandisha mtini mzoga mzito kuliko yeye mwenyewe, na akifanikiwa kuinyofoa nyama ataipeleka kwenye kichaka anachokijua yeye, nanyi hamtamwona tena.

Tumbusi hutafuta kwa macho. Funika nyama kwa matawi yenye majani mabichi juu na pembeni, uache upande wa tawi ambako chui atalala, na majani yakinyauka yabadilishwe siku hiyohiyo. Baada ya hapo chukua utumbo, uufunge nyuma ya gari na kuuburuta kwenye njia na ndani ya korongo hadi shinani, kisha upake kinyesi cha tumboni kwenye shina. Harufu hiyo ndiyo inayomwongoza chui, na ndiyo hiyohiyo inayomwita fisi, kwa hiyo gari lioshwe jioni ileile. Msimu mmoja vijana walichoka wakaliacha gunia la utumbo kwenye gari lililoegeshwa kambini. Usiku fisi waliingia, wakala utumbo, wakala gunia, wakamalizia kwa turubai na sponji ya kiti. Asubuhi mgeni alipanda gari akakaa juu ya chuma kitupu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kila mgeni aliyemfuata alisimuliwa habari ya kiti kilicholiwa.

Askari wa Swagaswaga

Mzee ameeleza vizuri sana, nami naongeza upande wa sheria kwa sababu vijana wengi wa chambo huachwa gizani. Msimu wa uwindaji wa kitalii una tarehe zake za kuanza na za kwisha, na nje ya hizo hakuna kuwinda. Mnyama anayepigwa ili awe chambo naye lazima awe kwenye kibali, wala asiwe swala wa kuokotwa porini kimyakimya. Chui anayeruhusiwa ni dume peke yake, na usiku haturuhusu kuwinda. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo, kwa kuwa chui ni mnyama wa usiku na nyinyi mnamhitaji afike kungali na mwanga.

Ndiyo maana mahali pa maficho, pale mgeni anapokaa kumsubiri chui, panahitaji akili kuliko nguvu. Upepo uvume kutoka kwenye chambo kuja kwenu, na tawi lionekane dhidi ya anga la magharibi ili jua likizama umbo la mnyama lisomeke vizuri. Anayeingia maficho akiwa amechelewa amewafukuzia wenzake chui. Kamera za mtegoni, zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, zimesaidia sana kutambua dume na jike kabla mgeni hajaketi, na namwomba kijana aijue kazi hiyo kwa undani. Azimio la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, linaitengea Tanzania nyara za chui zisizozidi 500 kwa mwaka, na jike akipigwa kwa haraka ya mtu mmoja, hasara ni ya kitalu kizima, yaani eneo lote la uwindaji mlilopewa.

Jambo jingine ni ndorobo, yaani mbung'o. Usivae nguo za buluu wala nyeusi, kwa kuwa hata mitego ya ndorobo hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Mwana wa Chamwino

Habari za jioni. Niliishi jimbo la Maine, Marekani, kwa masomo, kwa hiyo nimjibu mdogo wangu kuhusu dubu. Chui ni mla nyama tu, lakini dubu mweusi wa Amerika anakula karibu kila kitu, na inapokaribia baridi hutafuta shibe ya kumvusha kwenye usingizi mrefu. Wawindaji wa kule hujaza pipa mikate iliyochacha, donati na molasi, kisha humwaga mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chini, ili dubu akikanyaga aondoke na harufu miguuni na kuwaonyesha wengine njia. Wanaruhusiwa kuanza kuweka chambo siku 30 kabla ya msimu, na muda wote huo wanabeba ndoo porini wakiliwa na mbu, huku wanyama wadogo waitwao rakuni wakinufaika kabla ya dubu.

Ugomvi nao upo. Wapiga kura wa jimbo la Colorado walikataza chambo cha dubu mwaka 1992, wa jimbo la Oregon 1994 na wa jimbo la Washington 1996, lakini wa Maine walikataa katazo hilo mara mbili, mwaka 2004 na 2014. Mwaka huohuo wa 2014, dubu wanne walikutwa wamekufa mahali pamoja huko jimbo la New Hampshire baada ya kula chokoleti iliyowekwa kama chambo, kwa sababu ndani yake mna kemikali inayowadhuru. Kwa hiyo usidhani wenzetu wamepata njia nyepesi. Kile unachomwekea mnyama lazima ujue kinamfanya nini.

Kijana wa Itigi

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Leo tumehamishia chambo kwenye mkwaju wenye nyayo za dume chini yake, tumekifunga kwa mnyororo na kukifunika. Limebaki swali moja: usiku kamera imemwonyesha nyegere akipanda mti uleule na kula kwa raha zake. Tumfanyeje?

Mfuatanyayo Mstaafu

Nyegere hafukuzwi, mwanangu, na usimsogelee hata kidogo. Tafuta bati kuukuu, ulizungushe kwenye shina kwa chini ili makucha yake yakose pa kushika, lakini hakikisha tawi la chini la upande wa pili linabaki wazi, ili chui apate pa kurukia. Na lile bati ulipake tope kwanza, lisije likameta kwenye jua la jioni.